Memori ya Kuazima

Jumapili, 2 Machi

Mama kashika lake. Anataka picha. Si picha yoyote — ya ukutani, kubwa, mimi na Kaka na mdogo wangu tumesimama pamoja. Jumatano ya wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kesho yake anafunguliwa bandeji. "Nikifunguliwa, nataka wanangu watatu niwaone mahali pamoja." Akasema hivyo, kisha akaendelea kuchambua mchele kwa vidole, kana kwamba ameomba kijiko.

Nikajibu sawa, Mama. Mdomo wangu huu!

Maana Kaka na mdogo wangu hawasemezani. Mwaka wa tatu huu. Walikuwa na karakana moja ya redio na tivii, wakila sahani moja, wakigombania bisibisi moja. Mdogo akapata kazi ya kompyuta kwenye ofisi kubwa, akaondoka. Kaka akanuna. Mdogo naye akanuna kwa sababu Kaka amenuna. Jina la Ofisi alipewa na Kaka kwa hasira, mtaa ukalidaka, na sasa hata mimi namwita hivyo.

Kaka huja kumwona Mama Jumamosi. Ofisi huja Jumapili. Hakuna aliyepanga, na hakuna aliyewahi kukosea siku. Kila mmoja akimtaja mwenzake kwangu ni "mdogo wako" na "kaka yako" — kama vile ni ndugu zangu mimi tu, wao kwa wao wameokotana njiani.

Kuwasimamisha pamoja nimeshindwa miaka yote hii, siwezi kwa siku kumi. Lakini nina mpango. Nitampiga picha kila mmoja peke yake, kisha nitawaunganisha kwenye kompyuta. Mama haoni vizuri, hatajua —

Hapana, ngoja. Atakuwa ameshafanyiwa upasuaji. Ataona kila kitu! Basi niunganishe vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Kazini wagonjwa wachache. Daktari wa meno akaniruhusu nifunge mapokezi mapema, nikapita kwa Kaka na simu ya wifi yangu, mkewe, ambayo kamera yake ni nzuri kuliko yangu.

Kaka kavaa koti. Koti, karakana ile, joto lote hili! Akasimama kama anapimwa urefu. Nikamwambia cheka. Akasema anacheka. Akauliza mdogo wako atakuwa upande gani, nikasema mbali, mimi nitakuwa katikati. Akasema hata hajali. Nimefika mlangoni, akaniita. Mdogo wako asionekane mrefu kuliko yeye.

Ofisi ni mrefu, atafanywaje? Nikasema nitaangalia.

Ofisi nilimpiga nje ya kazi kwake. Picha ya kwanza ametabasamu vizuri sana. Kisha nikamwambia ni ya nini, na ya pili amefunga mdomo kama wagonjwa wetu wakiona koleo. Nachukua ya kwanza.

Mwenye studio anayechapisha picha za ukutani amenionya: nipeleke faili kubwa, tena kubwa haswa, la sivyo nyuso zitatoka kama zimemwagiwa mchanga.

Jumanne, 4 Machi

Kompyuta yetu! Lile sanduku chini ya meza ya sebuleni. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukachana nywele, nayo bado inakaribisha. Diski yake inanguruma kama mtu anayesaga mawe.

Nimemweka Kaka. Sawa. Nimejiweka mimi. Ikaanza kuhema. Nimemleta Ofisi — skrini ikaganda, kisha maandishi: memori haitoshi. Kila kitu kikafungwa. Kazi ya saa mbili, kwisha.

Nimejaribu tena. Kaka na mimi, sawa. Ofisi akiingia tu, chini! Nusura nicheke. Hata mashine imegoma kuwaweka hawa wawili pamoja.

Nikampigia Kaka. Akanieleza taratibu, na Kaka akieleza kitu hueleza mpaka unatamani kukisahau. Memori ya kweli ya hii kompyuta ni ndogo. Ikijaa, kompyuta huazima sehemu ya diski na kuigeuza memori kwa muda. Hiyo sehemu ya kuazima mtu unaweza kuipanga mwenyewe: unafungua dirisha la mipangilio, unaandika kiwango cha chini na kiwango cha juu. Yetu, anadhani, ilipangiwa kidogo mno tangu enzi hizo. Akaniambia niandike elfu tatu chini na elfu tatu juu, namba moja, isipande wala isishuke.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimpigia na Ofisi, nihakikishe. Tena nikamwambia Kaka kasema nini!

Ofisi akacheka kwa pua. Akasema hizo ni habari za zamani, siku hizi unaiachia mashine ijipangie yenyewe, inajijua. Nikamrudishia Kaka maneno hayo. Kaka akasema: "Mwambie kitu ukikiachia kijipangie, siku moja kinaondoka bila kuaga."

Sikumwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nimefuata ya Kaka. Elfu tatu kwa elfu tatu, OK, nikazima, nikawasha. Nimemleta Ofisi — chini!

Leo nimefuata ya Ofisi. Ijipangie. OK, nikazima, nikawasha. Chini!

Kaka anasema imeshindwa kwa sababu nimechanganya na ushauri wa mdogo wangu. Ofisi anasema imeshindwa kwa sababu namba za kaka yangu zimeishtua. Mimi nashinda na simu sikioni pale mapokezi. Mama mmoja aliyekuja kung'olewa jino akaniuliza kwa huruma kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikasema ndiyo, ni mzee, kumbukumbu imemchosha.

Ujumbe wa leo, nisije nikasahau:

Kaka: nimwambie Ofisi kompyuta za kwao zina memori ya kumwaga, huyu ni mzee wa watu, anahitaji kupangiwa. Nilichofikisha: Kaka anakusalimu, anasema hali ya huku ni tofauti kidogo.

Ofisi: nimwambie Kaka hiyo si redio, haiponi kwa kupigwa mgongoni. Nilichofikisha: anashukuru, atalifikiria.

Kaka akauliza, ameshukuru kweli? Nikasema kweli. Akakohoa. Akasema haya, kama ni hivyo, nijaribu elfu nne.

Jamani. Nimefanya kazi na watu wenye maumivu ya jino miaka chungu nzima na sijawahi kudanganya kiasi hiki kwa siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata ufumbuzi! Kompyuta ina diski mbili kwenye orodha, C na D. Ya C nimeipanga kama atakavyo Kaka. Ya D nimeipanga kama atakavyo Ofisi. Kila mtu na chumba chake, hakuna wa kulalamika. OK.

Imeganda vilevile.

Halafu kuna kitu kinanikera. Kila nikifungua lile dirisha upya nakuta namba za zamani, mia mbili kwa mia mbili, zimekaa palepale, kama hazijaguswa. Kompyuta ni kiburi, au ni mimi? Nilishuku hata kwamba Mama anazirudisha. Nikamuuliza. Akanitazama kwa jicho lake lenye ukungu na kusema hata kipanya chenyewe hakioni.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Kaka. Kwa kawaida huja, hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, hunywa chai nusu kikombe, huaga. Leo kaja na mfuko wa bisibisi na brashi! Kaifungua kompyuta ubavu, kaitoa vumbi la kutosha kujaza mto. Feni ilikuwa inatetemeka, kaikatia kipande cha kadibodi akakichomeka kando, kelele ikapungua nusu. Mama alikuwa pembeni muda wote, anauliza hiki nini, kile nini, na Kaka anampa kila kipande akipapase.

Nikamwambia basi na mipangilio uangalie mwenyewe, mimi namba zinanirukia. Akarudisha mikono nyuma kama nimempa kaa la moto. Kwenye mipangilio hagusi. Ofisi atakuja kesho akute imebadilishwa, aseme kaka yako kaharibu. Niandike mimi, yeye atasoma. Akasoma, nikaandika. OK, zima, washa.

Chini.

Kaondoka jioni. Chai vikombe vitatu. Mama kaniambia, "Kaka yako leo kakaa." Nilisema ndiyo, Mama, kompyuta imemsumbua. Akasema maskini, kwa sauti isiyo na huruma hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Niandike yote.

Ofisi kafika, kaona sanduku halina skrubu moja, akauliza ni nani. Nikasema unamjua. Akachungulia ndani, akaiona ile kadibodi ya feni. Akaanza kucheka peke yake. Kumbe walikuwa wakifanya hivyohivyo kwenye redio zote za karakana, wateja wakidhani ni kifaa maalumu. Akaigusa kwa kidole. Hakuitoa.

Akafuta takataka kwenye diski C, zilikuwa nyingi, akapata nafasi ya kutosha. Nikamwambia haya, sasa panga mwenyewe. Naye hagusi! Kaka yako akija Jumamosi akikuta namba zake hazipo, nani atamsikiliza? Niandike mimi.

Kabla ya hapo akataka kujua Kaka ameona nini ndani, kama memori ni kipande kimoja au viwili. Muulize kaka yako, akaniambia. Nikampigia Kaka, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na sabuni nikaiweka simu mezani, spika wazi.

Nikamuuliza Kaka. Kaka akasema mwambie ni kimoja, na nafasi ya pili iko tupu. Ofisi yuko pale, hatua moja kutoka kwenye simu. Nikamgeukia nikasema: ni kimoja, na nafasi ya pili iko tupu. Ofisi akaniambia, mwambie asante, na je, kina ukubwa gani? Nikainamia simu: asante, na je, kina ukubwa gani? Kaka akasema mwambie nimesikia.

Tukaendelea hivyo! Mimi kasuku katikati. Wanabishana kuhusu kiwango cha juu, mmoja anataka kiwe sawa na cha chini, mwingine mara mbili, na kila sentensi lazima ipite kwangu. Mama kwenye kiti chake kajifunika mtandio usoni, mabega yanatikisika. Mwisho nikachoka, nikaenda kusuuza vyombo. Nikasikia kimya. Kimya. Halafu Kaka: "Mwambie asiweke kwenye D, D ni diski ileile, itakuwa inajikimbiza yenyewe." Na Ofisi, kwa simu, hakuna mtu mwingine pale: "Mwambie hilo kweli."

Sikurudi haraka. Sahani moja niliisuuza mara tano.

Nikaandika walichokubaliana. OK, zima, washa. Chini! Lakini hakuna aliyekasirika sana. Ofisi kaondoka na giza, yeye ambaye huwa na haraka kila Jumapili.

Jumanne, 11 Machi

Mwenye studio kapiga. Picha iko wapi? Nikasema njiani. Hakuna kitu njiani. Kesho hospitali, kesho kutwa Mama anafunguliwa, na ukutani kuna misumari miwili mitupu niliyopigilia kwa kujiamini.

Nimemwambia Mama ukweli, kwamba huenda picha isiwahi. Akauliza kama kompyuta bado inaumwa. Bado. Akauliza kama vijana wanaihangaikia. Wanaihangaikia sana, Mama, wananipigia kuliko mpenzi. Akasema basi si haba, akaomba nimkunjie kanga ya kesho.

Sielewi kwa nini mimi ndiye mwenye huzuni na yeye ndiye mwenye jicho.

Jumatano, 12 Machi

Mama kafanyiwa. Salama! Daktari kasema imekwenda vizuri kabisa.

Wote wawili walitaka kumpeleka. Mama akasema twendeni wote. Kwenye benchi la kusubiri nikakaa katikati, goti la Kaka huku, goti la Ofisi kule. Nikajisikia kama ukuta.

Nikasema naenda kutafuta maji. Nikakawia makusudi kwenye ile kona yenye dirisha. Nikachungulia. Nafasi yangu iko wazi katikati yao, hakuna aliyesogea. Lakini Kaka anauambia ukuta wa mbele kitu, anachora mraba hewani kwa vidole, na Ofisi anautazama mraba. Kisha Ofisi akatikisa kichwa, akachora wake, mkubwa zaidi.

Nilipokaa, wakaacha. Nikasema endeleeni. Kaka akasema hatukuwa tunasema kitu.

Nilitaka kulia na kucheka. Nikanywa maji.

Alhamisi, 13 Machi

Kafunguliwa! Ameangalia dirisha. Ameangalia mikono yake, pande zote mbili. Kisha kaniangalia mimi muda mrefu, nikangoja maneno mazito.

"Umezeeka, mwanangu."

Haya, asante Mama.

Picha hakuna. Aliitazama ile misumari miwili, akaiona vizuri sana. Hapo ndipo niliposikia uchungu. Ameomba kitu kimoja tu. Najua kwamba hata ningeiwahisha ingekuwa ni udanganyifu, watu watatu wa kubandika. Lakini nilitaka awe nao hata wa kubandika.

Kaka kasema Jumamosi anakuja kuimaliza hii kazi. Nimemwambia Ofisi. Ofisi akauliza saa ngapi. Nikasema asubuhi, kwa nini? Akasema kaka yako akiachiwa peke yake ataing'oa mpaka bawaba. Atapita kidogo. Jumamosi!

Sijamwambia Mama, nisije nikampa tumaini la bure. Ila nimefagia sebule kana kwamba kuna posa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika mchana huu huu, kwenye meza ya kompyuta, maana moyo hautulii.

Kaka kaja kwanza. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, kichwa ndani ya sanduku, mlango ulipogongwa. Ofisi akasimama kizingitini. Hakuingia, hakutoka. Mama kwenye kiti chake, amevaa ile miwani myeusi ya hospitali. Mimi nimeshika birika na nimesahau la kufanya nalo.

"Shikamoo," Ofisi akasema. Aliiambia sakafu.

Kaka hakugeuka. Alikuwa anafunga skrubu. Akaifunga hadi mwisho, taratibu, akaijaribu kwa kidole kama imekaza. Ndipo akajibu, kichwa bado kimo ndani ya sanduku: "Marahaba."

Miaka mitatu, jamani. Birika likaniunguza na sikusikia.

Baada ya hapo ilikuwa kompyuta tupu, saa nzima. Wakikatizana. Bila mimi! Kaka anasema iwe elfu nne, Ofisi anasema hiyo ni kubahatisha, Kaka anasema kubahatisha ni kuiachia. Sauti zikapanda. Ofisi akasema shida yako ni kutaka kila kitu kikae pale ulipokiweka. Nikajua tumeacha kompyuta.

Kaka akaweka bisibisi chini. Akasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Mteja ndiye aliyeniambia. Kaja kuchukua redio yake, ananipa hongera, mdogo wako kapata kazi. Nikajifanya najua. Nikamwambia ndiyo, tumefurahi sana."

Ofisi alikuwa anaizungusha ile skrubu iliyopotea, kumbe aliiokota yeye Jumapili akaiweka mfukoni.

"Nilikuja kukuambia mara mbili," akasema. "Mara zote mbili ulikuwa unanionyesha lile benchi unalonitengenezea. Umeshapiga msasa. Nikashindwa, Kaka."

Kaka. Hakusema kaka yako. Mama akavua miwani, ingawa daktari amekataza, akaifuta, akaivaa tena.

Sikutegemea wakumbatiane na hawakukumbatiana. Kaka alikaa chini palepale sakafuni akauliza, huko ofisini, ana benchi? Ofisi akasema ana meza. Nzuri? Nzuri, ila haina droo. Kaka akatikisa kichwa kwa masikitiko, meza isiyo na droo, fundi ataweka wapi vitu vyake? Akasema lile benchi bado liko nyuma ya karakana, ameliwekea redio mbovu juu.

Kisha wakakumbuka ile nafasi tupu ya memori. Kaka ana kompyuta zilizokufa kwenye stoo, huenda moja ina kipande kinacholingana. Wakaondoka pamoja kukitafuta. Nimewatazama dirishani wakivuka barabara, wanabishana, na Kaka kweli ni mfupi.

Nikabaki na lile dirisha la mipangilio mbele yangu. Nikaandika namba zao za mwisho, ili wakirudi wakute tayari. Nikapeleka kipanya kwenye OK kama siku zote. Na safari hii, sijui kwa nini, labda kwa kuwa hakuna mtu anayenisomea namba masikioni, nikaona kitufe kingine, kidogo, kando ya namba. Cha kuthibitisha. Unaandika namba, unathibitisha kwanza, ndipo unabonyeza OK. Ukiruka hapo, mashine inafunga dirisha kwa adabu na kutupa kila ulichoandika.

Sijawahi kukibonyeza. Hata mara moja!

Elfu tatu ya Kaka haikuwahi kuingia. Ijipangie ya Ofisi haikuwahi kuingia. Elfu nne, C, D, ugomvi wa spika, michoro ya hospitali — karibu wiki mbili watu wazima wamekamatana mashati kwa namba ambazo kompyuta haijawahi kuziona. Na kwa kuwa kila mmoja aliogopa kulaumiwa na mwenzake, mkono ulikuwa wangu tu, na mkono wangu ni mjinga.

Nikathibitisha. OK. Kwa mara ya kwanza ikaniambia yenyewe nizime na kuwasha. Nikazima, nikawasha, sikwenda kuoga.

Nikamweka Kaka. Nikajiweka mimi. Nikamleta Ofisi. Diski ikanguruma, ikanguruma — na akaja. Akasimama. Tuko watatu, wakubwa, wazi, Kaka na koti lake, Ofisi na lile tabasamu. Nimefanya mabega yao yalingane. Imekubali hata kuhifadhi.

Nimepiga kelele kidogo. Mama kaja kuona kuna nini. Kavuta kiti, kakaa karibu kabisa na skrini, jicho jipya mbele. Kaangalia uso mmoja mmoja. Nikangoja.

"Imepona?"

"Imepona, Mama."

"Wenyewe wanajua?"

"Bado. Wako karakana."

Akagusa skrini pale kwenye koti la Kaka. Akasema picha ni nzuri, nimefanya kazi nzuri, ila Ofisi hana kivuli. Kisha, bila kuniangalia: "Sasa wakishajua imepona, Jumamosi ijayo watakuja kutengeneza nini?"

Nikasema watakuja kukuona wewe, Mama. Akasema walikuwa wakija kumwona miaka mitatu, kila mtu siku yake.

Nikasema lakini Mama, umetaka picha, picha hii hapa. Akasema alitaka watatu mahali pamoja. Ukuta hauna haraka.

Basi nimelifungua tena lile dirisha. Namba zao ziko ndani, zimeingia, zinafanya kazi. Ningeandika mia mbili tu, kama ilivyokuwa, na kuthibitisha, ianze kuganda tena. Sasa ninajua kuthibitisha! Ni wizi? Kaka amevaa koti kwenye joto kwa ajili ya hii picha. Ofisi ameacha siku yake. Watafurahi sana ikiwa tayari, watapeana mikono, kazi imeisha. Ndiyo hilo ninaloliogopa, imeisha.

Nawasikia. Wako uani. Kipande wamekipata, na wanabishana nani akitie. Kaka ameita kutoka nje, ameuliza hali ikoje humo ndani.

Mama amenitangulia kujibu. Amesimama dirishani, mgongo umenyooka, sauti ya kusikitika ambayo sijui aliitoa wapi.

"Bado inasumbua, wanangu. Ingieni tu."

Picha yote iko wazi hapa mbele yangu. Wanavua viatu. Viatu vya Kaka ni vya kamba, havivuliki haraka. Nimeandika mia mbili na sijabonyeza.